Mwiko wa Kusikilizia Injini

Mwiko wa mama mkwe wangu niliuchukua mimi. Kwa miaka mingi nilikana. Nilikana alipokuja kututembelea kutoka Busia akautafuta nyuma ya sufuria zote. Nilikana alipoanza kumshuku jirani. Siku moja nilikana nikiwa nimeshika Biblia mkononi, ingawa kwa kujitetea niseme sikuwa naapa, nilikuwa nimechelewa kanisani tu. Ulikuwa mwiko mzuri, mrefu, wa mti mgumu, uliosonga ugali wa watoto wake wote, akiwamo yule aliyenioa. Mimi niliutumia kusikiliza magari.

Chekeni. Watu wa Kasese walicheka kabla yenu. Maneno yalienea sokoni kwamba yule Madam Nafula wa chama cha kahawa, yule aliyesoma mpaka chuo kikuu, siku hizi anaongea na magari. Hilo nalo nililikana, na hapo nilikuwa na haki. Sikuwa naongea, nilikuwa nasikiliza. Lakini ukimkuta mtu mzima ameinama chini ya boneti, amefumba macho, mwiko umegusa chuma upande mmoja na fuvu lake upande wa pili, huwezi kumlaumu mpita njia akiita mchungaji.

Ninyi mnaochukua kazi yangu ya kutunza magari ya chama mmenikuta nimestaafu mapema, magoti yakiwa yamekataa kuingia chini ya gari na kiburi kikiwa bado kinataka. Mtapewa vifaa vya kisasa vya kupimia injini. Vichukueni. Ila pikapu zenu bado ni zile za dizeli ambazo hazina pa kuchomeka kifaa chochote, kwa hiyo jifunzeni na mwiko. Upande mpana unauweka kwenye chuma, mbali na feni. Mwisho wa mpini unauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mti unaleta sauti ambayo hewa inaipoteza njiani. Na kabla ya yote, fungeni vitambaa vya kichwa vizuri. Feni iliwahi kuchukua changu, na madereva wakakaa wiki nzima wakiniuliza kama gari limeshiba.

Nilisoma jiografia. Nilijua Milima ya Rwenzori ilitokea vipi, ila sikujua gari linaipanda vipi. Chama kiliniajiri kwa sababu niliandika barua nzuri, kisha siku moja aliyekuwa akisimamia magari akaondoka, na mwenyekiti wetu, Mzee Thembo, akanipa funguo kwa hoja kwamba mtu aliyesoma anaweza kusoma na gari. Wiki yangu ya kwanza nilivuta kijiti cha oili, nikaona oili nyeusi tii, nikaagiza ibadilishwe. Kesho yake ilikuwa nyeusi tena. Nikaagiza tena. Fundi aliibadilisha bila kusema neno, kwa utulivu wa mtu anayekula karanga za mwenzake. Nilipoagiza mara ya tatu, ndipo akanihurumia.

"Profesa," akasema, "hii ni dizeli. Oili yake inakuwa nyeusi hata kabla hujafunga boneti. Wewe unataka iwe nyeupe? Siku utaiona nyeupe, utalia."

Basi shikeni hilo. Msiogope weusi. Chukueni tone, lisugueni kati ya vidole, msikie kama lina chengachenga. Linuseni kama lina harufu ya dizeli. Na mkiliona limekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na mtu asithubutu kuwasha.

Fundi huyo aliitwa Erisa. Gereji yake ilikuwa Nyamwamba, mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi. Ufundi alijifunzia katika karakana ya jeshi, kwa hiyo kila agizo alilitoa kana kwamba tunashambuliwa. "Wewe! Shika hapa! Inua! Mbio!" Alijisifu toka asubuhi. Kwa maelezo yake hakukuwa na injini kati ya Kasese na mpaka wa Kongo ambayo haikuwahi kumwita baba. Nusu ya aliyonifundisha yalikuwa dhahabu na nusu yalikuwa upuuzi, na taabu ni kwamba yote aliyasema kwa sauti ileile. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza kwa mti. Yeye ndiye aliyenikataza kumwachia dereva kupigapiga filta ya hewa kwenye tairi, maana vumbi la kiwanda cha saruji cha hapa kwetu ni laini kama poda na filta iliyopasuka kidogo tu inaliingiza lote kwenye silinda. Na yeye ndiye aliyeniambia nisioshe mikono kwa petroli siku ya Ijumaa, kwa sababu ambazo sijazielewa hadi leo.

Magari yetu tuliyapa majina ya Kikonzo, jinsi watoto wa kike wanavyoitwa hapa kwa mfuatano wa kuzaliwa. Pikapu ya kwanza iliitwa Masika, ya pili Biira, ya tatu Kabugho. Nilipoanza kazi, Masika alikuwa ameshakufa. Alikuwa kwenye uwanja wa ghala, hana matairi, na kuku wa mlinzi walitaga kwenye kiti cha dereva. Kilichomuua ni paipu ya mpira ya maji, iliyovimba kama shavu la mwenye jino bovu. Kila mtu aliiona. Hakuna aliyeibadilisha, kwa sababu gari lilikuwa linatembea. Siku ilipopasuka, gari lilikuwa mlimani na mzigo, na mpaka dereva anaona mvuke, kichwa cha injini kilikuwa kimepinda. Injini nyingine haikupatikana. Dereva alirudishwa nyumbani, kwani sheria ya Mzee Thembo ilikuwa moja: anayeua injini anaenda nayo.

Ndiyo maana nikaweka desturi ya kila Jumatatu kuzikamua paipu zote kwa mkono kabla gari halijawashwa. Madereva waliniita muuza maziwa.

Sasa niwaambie siku ambayo nilikaribia kurudishwa nyumbani mimi.

Ilikuwa katikati ya msimu wa kahawa. Wakulima wa vijiji vya juu ya Bwera walikuwa wamekausha, na mvua zilikuwa zinanyemelea. Biira alikuwa ameondoka Kasese alfajiri na dereva wetu Baluku, kijana mwembamba, mcheshi, ambaye mke wake alikuwa amejifungua majuzi. Kazi yake ilikuwa kushuka tambarare hadi Bwera, kupanda kituo cha kwanza kupakia, kisha mchana kuendelea na mzigo hadi kituo cha juu kabisa, kumalizia, na kurudi. Mimi nilibaki na Kabugho. Magari yote mawili yalikuwa yametoka kwa Fundi Erisa kwa matengenezo ya kawaida.

Nilimpeleka Mzee Thembo benki na Kabugho. Jua lilikuwa kali. Tukarudi, nikaona mshale wa joto haujainuka. Ulikuwa umelala chini kabisa, kana kwamba gari halijawashwa.

Mzee Thembo naye aliuona, akafurahi. "Ona, Madam. Gari iko baridi kama soda. Huyu Erisa ni mutu wa kazi."

Mimi sikufurahi. Injini ina joto lake inalolitaka, kama uji ulivyo na wake. Ikiwa baridi mno haichomi dizeli vizuri, inakula mafuta, inachafua oili. Na mshale usioinuka una maana mbili tu: umekufa, au kuna kitu kimetolewa. Nikamshusha Mzee ofisini, nikageuza kwenda Nyamwamba.

Juu ya meza ya Fundi Erisa palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa skrubu. Juu ya skrubu, nikaona themostati. Kama hamjawahi kuishika, ni kidude cha shaba kinachoingia kwenye kiganja, kinakaa njiani kati ya injini na rejeta inayopoza maji, kinafungua na kufunga mlango wa maji kufuatana na joto. Hiyo moja ilikuwa ya Kabugho. Chini yake palikuwa na nyingine.

"Fundi," nikasema, "hizi ni mbili."

"Macho yako mazima, Profesa."

"Umetoa na ya Biira?"

"Nimetoa zote. Zawadi. Sikuandika kwenye bili." Akajifuta mikono kwa raha. "Hiki kidude wametengeneza kwa ajili ya barafu ya Ulaya, gari ipate joto asubuhi. Hapa Kasese unataka joto ya nini? Hukuchoka na ile ya jua? Nimetoa hivi vidude tangu wewe uko shule unachora ramani."

Na kweli alikuwa amevitoa, na magari yakatembea. Hapa ndipo panapowachanganya wengi, kwa hiyo nisikilizeni. Kwenye injini nyingi za zamani alizozizoea jeshini, ukitoa themostati maji yanapita rejeta muda wote, injini inakuwa baridi mno, unapata hasara ndogondogo, basi. Lakini za kwetu hazikuwa hivyo. Nilijua kwa sababu mwaka mmoja nyuma tulibadilisha ya Biira, nikaichukua ile ya zamani nyumbani, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni. Nilitaka kuiona ikifunguka. Mama mkwe akaingia, akachungulia, akaona nachemsha kipande cha shaba. Akaniuliza kwa upole kama mshahara umechelewa.

Nilichokiona kwenye sufuria ni hiki. Themostati yetu ina visahani viwili. Maji yakipata moto, cha juu kinafungua mlango wa rejeta, na papo hapo cha chini kinashuka kuziba tundu jingine. Nilijiuliza siku nyingi lile tundu ni la nini. Ni njia ya mkato, ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, wakati injini ni baridi. Ukiing'oa themostati, mlango wa rejeta unabaki wazi, vizuri. Lakini na njia ya mkato inabaki wazi, na hakuna wa kuiziba. Tambarare hutaona kitu, utasifu ubaridi. Pandisha gari mlima mrefu na mzigo, gia ya kwanza na ya pili, upepo hakuna: nusu ya maji ya moto yanazunguka na kurudi moto vilevile. Hapo injini inajipika.

Nikamweleza Erisa hayo yote. Alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Umejifunza wapi? Kwenye sufuria?"

"Kwenye sufuria."

Alicheka mpaka akashika nguzo.

Nikampigia Baluku. Simu ikasema mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mnaoijua Bwera mnajua: ukipanda kidogo tu upande ule, simu yako inahamia mtandao wa Kongo bila pasipoti, na ndiyo imekwenda hivyo. Nikaandika ujumbe, USIPANDE NA MZIGO, nikautuma, nikakaa naangalia kialama kimoja cha tiki ambacho hakikugeuka kuwa viwili.

"Basi tupime," nikamwambia Erisa. "Kabugho amepakiwa magunia ya kahawa ya kwenda kiwandani. Twende naye mlima wa nyuma ya mji. Asipopata moto, nitakuomba msamaha mbele ya mafundi wako."

"Na utaniita nani?"

"Nitakuita Profesa."

Hilo alilipenda. Akapanda.

Tulipanda polepole, gia ya pili, kisha ya kwanza. Mshale ulilala. Erisa aliutazama kama mtu anayetazama mtoto wake akiimba kwaya. Tukapita nyumba za mwisho. Mshale ukaamka. Ukafika katikati, ukasimama, na Erisa akasema, "Hapo ndipo inakaa." Haukukaa. Ulipokaribia alama nyekundu nilisimama kando, nikaacha injini iungurume, nikafungua boneti.

Nilimwomba aguse chini ya rejeta. Akagusa, akaacha kiganja pale pale. Vuguvugu. Kisha nikamwonyesha paipu fupi ya njia ya mkato. Akaisogezea mkono, akaurudisha haraka kabla haujafika.

Nikauweka mwiko kwenye kichwa cha injini. Injini nzima ina kelele yake, kavu, yenye mpangilio. Chini ya kelele ile nilisikia kitu kingine: mpasuko mdogomdogo, laini, wa haraka. Kila aliyewahi kusimama juu ya sufuria ya uji anaujua. Ni pale kabla haujaanza kuruka. Nikampa Erisa mwiko. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Inawezekana ni kifuniko cha rejeta," akasema hatimaye.

"Inawezekana."

"Gari moja si ushahidi."

"Gari la pili liko juu ya Bwera na mzigo," nikasema, "na dereva ambaye mshale wake umekuwa ukimwambia tangu asubuhi kwamba kila kitu ni baridi."

Tukarudi gereji kwa kushuka taratibu. Njiani Mzee Thembo akapiga simu. Alitaka Kabugho aende Munkunyu kuchukua magunia kabla ya mvua. Nikamwambia Kabugho haendi popote mpaka themostati irudi, na irudi na gasketi mpya ya kuzuia mvujo, kwa sababu ile ya zamani Erisa alikuwa ameikwangua.

"Madam, mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya hiyo gari. Iko baridi!"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, Mzee."

"Ubaridi ni ugonjwa?" Nilisikia anavuta pumzi. "Na Biira? Biira pia mugonjwa?"

"Biira ndiye aliye hatarini. Nimejaribu kumpata Baluku, hapatikani."

Kisha akasema polepole, kwa sauti aliyoihifadhi kwa mikutano mikuu. "Sikiliza, Madam Nafula. Wakulima wa Munkunyu wananingojea. Wewe unafunga gari nzima kwa sababu ya kijiko cha ugali. Kama Biira anarudi leo mzima na mzigo wake, kesho utaniletea funguo. Na kama Biira anakufa, Baluku anaenda nyumbani. Sheria unaijua."

"Baluku hakutoa kitu."

"Baluku ndiye ameshika usukani."

Akakata. Sasa angalieni mahali nilipofikishwa. Biira akirudi salama, mimi ni mwehu wa mwiko, na Kabugho atapelekwa mlimani wiki hiyo hiyo na kupikwa. Biira akifa, nina haki, na kijana mwenye mtoto mchanga hana kazi, na chama kina gari moja katikati ya msimu. Nilikaa kwenye benchi la gereji, na kwa muda wa pumzi moja nikajikuta natamani simu ilie, niambiwe injini imeungua, ili wote wakome kucheka. Kisha nikaona uso wa Baluku, nikaona haya mimi peke yangu.

Huo ndio ugumu wa kazi hii, na hakuna atakayewaambia siku ya kuajiriwa. Mhasibu anaonyesha hesabu, dereva anaonyesha mzigo. Sisi tunaonyesha nini? Mkanda uliobadilishwa kabla haujakatika unafanana na mkanda ambao haukuhitaji kubadilishwa. Mtaambiwa mnapoteza mali. Mtaambiwa mna woga. Mkifanya vizuri kabisa, kila mtu ataona kwamba hamkuwa na kazi.

Nilijaribu kukumbuka niliyowahi kumwambia Baluku. Nilikuwa nimewafundisha madereva wote, kila Jumatatu, wakiwa wamesimama wanapiga miayo. Nilikuwa nimewaambia kwamba mshale ukipanda, toa mguu, tafuta pa kusimama. Na nilikuwa nimewaambia jambo moja ambalo lilionekana kinyume, na waliguna: mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla mlimani, usishangilie. Gari halijapoa. Maji yameisha. Kile kipimo kinapima maji, na maji yakishatoka kinabaki kwenye mvuke, kinakudanganya kwamba umepona. Dereva anayeamini mshale hapo, anaua injini huku anapiga mluzi. Je, Baluku alikuwa anasikia siku ile, au alikuwa anawaza mtoto?

Erisa hakucheka tena. Alichukua themostati ya Kabugho, akaipangusa, akaanza kukata gasketi kwa mkasi, bila kuniambia kama anakubali au anafanya tu kazi ya mteja msumbufu. Mawingu yalijaa juu ya milima. Nilipiga namba ya Baluku mpaka nikaichukia. Nikampigia mtu wetu wa stoo ya Bwera, akasema Biira alipita zamani, alipakia kituo cha kwanza, akaendelea juu, amejaa.

"Amejaa sana?"

"Amejaa, Madam. Springi za gari zimelala."

Nikamwambia Erisa. Akaacha mkasi.

Simu yangu iliita. Namba ilikuwa ya Kongo, siijui. Matapeli walikuwa wananisumbua mwezi ule kwa namba kama zile, na nusura niikate.

"Madam? Ni mimi, Baluku. Niko na simu ya mama moja hapa, uniti za simu yake ni kidogo, usinigombeze mrefu."

Nikaweka sauti ya nje. Erisa akasogea.

"Gari iko wapi?"

"Iko chini ya kituo cha juu, kwenye ule mupando mubaya. Imesimama. Nimeweka mawe nyuma ya matairi."

"Imefanya nini?"

"Mshale ulikuwa unapanda. Nikasema nitafika tu, si mbali. Halafu mshale ukashuka, pa! Mpaka chini. Watu wa juu ya magunia wakasema, ona, imepoa, twende. Mutu mwingine angesema Mungu iko muzuri."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema huyu ni shetani ya Madam ya Jumatatu. Nikazima palepale. Wakanitukana sana."

Erisa alifumba macho.

"Ulifungua rejeta?"

"Hapana! Ulisema mwenye kufungua rejeta ya moto atazikwa bila uso. Nimengoja mpaka naweza kushika kifuniko na mukono. Maji haiko hata kidogo. Huyu mama amenipa jerikeni yake, nimetia polepole, kidogo kidogo, sijamwaga juu ya chuma. Lakini sijawasha. Nilisema sitawasha mpaka nimesikia wewe."

"Vuta kijiti cha oili. Niambie rangi. Iko kama chai ya maziwa?"

Tukasikia viatu kwenye mawe, boneti, sauti za watu wakimwuliza kwa Kikonzo watakaa pale mpaka lini. Erisa alikuwa ameshika themostati mkononi, anaizungusha.

"Iko nyeusi," Baluku akasema. "Nyeusi kama oili."

"Paipu?"

"Nimekamua zote. Nzima."

"Sasa washa. Usiguse mafuta, iache ijitafutie. Halafu kata kijiti, weka kwenye kichwa cha injini kama ninavyofanya mimi..."

"Kijiti niko nacho, Madam. Cha mubuni. Nilisikiliza zamani, wakati nimezima. Ilikuwa inachemka kama uji, halafu ikanyamaza. Watu hapa wako wanasema mimi nimeanza kuroga."

"Basi washa. Kisha weka simu kwenye mwisho wa kijiti. Tunataka kusikia na sisi."

Stata ikalia. Ikalia tena. Kisha Biira akawaka, na Baluku akaegemeza simu ya yule mama kwenye kijiti cha mti wa kahawa, na sauti ya injini ikatujia Nyamwamba kwa kupitia Kongo. Tuliinamia simu, mimi na Fundi Erisa, vichwa vyetu vikagusana. Ilikuwa na mikwaruzo, ilikuwa mbali, lakini ilikuwa kavu na yenye mpangilio. Hakuna silinda iliyoruka. Hakuna mlio wa hewa inayovuja chini ya kichwa. Nilisubiri ule mpasuko wa uji. Haukuja.

"Moshi?" Erisa akauliza.

"Nani huyo? Fundi? Moshi ni ile ya kawaida, afande. Si nyeupe."

"Maji yanatoa mapovu kwenye rejeta?"

"Hapana. Yametulia."

Erisa alinyoosha mgongo.

"Madam," Baluku akaita, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee Thembo akiniuliza nini imetokea kwa hii gari, nitasema nini? Niko na mutoto mudogo."

"Utamwambia ukweli," nikasema. "Hakuna kilichotokea."

"Kweli?"

"Injini unayo au huna?"

"Ninayo."

"Basi hakuna kilichotokea. Izime. Mshushe kila mtu, magunia yabaki hapo na turubai. Usipande hata hatua moja."

"Na nitatoka hapa namna gani? Huyu mama anataka simu yake."

Erisa akanyoosha mkono, akanipokonya simu. "Baluku! Kaa hapo! Usiguse kitu!" Sauti ya jeshi ilikuwa imemrudia, lakini mkono mwingine ulikuwa unakusanya: themostati ya Biira kutoka kwenye mkebe, gasketi, spana mbili, akavitia mfukoni. "Nakuja mimi mwenyewe. Nitapanda teksi sasa hivi. Ile kitu nilitoa, nakuja kuirudisha."

"Madam anakuja pia?"

"Madam anabaki na Kabugho." Aliangalia juu ya boneti ya Kabugho, akanyoosha mkono tena, akauchukua mwiko wa mama mkwe wangu na kuubana kwapani, bila kuniuliza, kana kwamba ulikuwa wake tangu jeshini. "Nakuja na mwiko."